Hela ya mkoba kwanza

Fedha za robo mwaka zimeingia kwenye akaunti ya zahanati yetu. Daktari, kama kijiji kizima kinavyomwita mganga mfawidhi wetu ingawa mwenyewe ni tabibu, alinipigia simu jioni ileile. Nikawaarifu wajumbe, na Alhamisi tukakaa kikao barazani, upande ambao jua la mchana halifiki. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa kituo. Nilifundisha shule ya msingi hapahapa, kaskazini mwa mkoa wa Dodoma, hadi nilipostaafu, na wengi wa akina mama wanaoleta watoto kliniki nimewafundisha kusoma mimi mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo hakuna aniitaye mwenyekiti. Naitwa Mwalimu.

Naandika kwa sababu nimegundua watu wengi, hata waliosoma na kuishi mjini, wanadhani zahanati ya kijijini inaendeshwa na lile gari la Bohari ya Dawa linaloshusha maboksi, basi. Hawajui kuna ruzuku inayotoka Hazina ikaingia moja kwa moja benki, kwenye akaunti yenye jina la zahanati. Na nataka kueleza kwa nini kwenye kikao nilisimama imara kwamba hela ya mkoba, yaani ya safari za watumishi kuwafuata watoto walio mbali na zahanati ili kuwachanja na kuwapima, itengwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa sera ya nchi yetu, mtoto aliye chini ya miaka 5 hatozwi kitu kwenye kituo cha serikali. Msamaha huu tunao tangu utaratibu wa kuchangia gharama ulipoanza miaka ya 1990. Ni jambo jema na naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini msamaha haununui dawa. Mtoto anayehara anahitaji pakiti za ORS na vidonge vya zinki vya siku 10. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekohoa, ukimhesabia pumzi zikafika 40 au zaidi kwa dakika, anahitaji amoksilini, vile vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji. Mtu mzima akitibiwa anaacha hela ya papo kwa papo dirishani, au anaonyesha kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya inailipia kwa mwaka. Mtoto haachi kitu. Kwa hiyo zahanati inayohudumia watoto wengi ndiyo yenye makusanyo madogo, na kwa kawaida ndiyo iliyoko mbali, ambako wazazi nao hawana kitu. Pengo hilo hakuna wa kuliziba isipokuwa serikali.

Nimeliona pengo hili likizibwa kwa namna mbalimbali. Nilipoanza kazi miaka ya 1980, dawa zilikuja kwa maboksi yaliyokwishafungwa, kwa msaada wa Denmark, boksi la namna moja kwa kila zahanati. Yaliokoa watu, sitasema vinginevyo. Ila kwetu huku juu ambako malaria ni chache kuliko pwani, vidonge vya malaria vilibaki, huku dawa ya mafuta ya macho ikiisha wiki ya pili, maana vikope vilikuwa vimewajaa watoto wangu darasani. Mwaka 1999 ukaanzishwa Mfuko wa Pamoja wa Afya, wahisani wakaweka fedha zao chungu kimoja na serikali, na kila halmashauri ikapewa fungu lake. Mwaka 2004 kukawa na kanuni ya kugawa: asilimia 70 kwa idadi ya watu, na zilizobaki zikagawanywa sawa kwa umaskini, kwa umbali ambao magari ya afya yanasafiri, na kwa vifo vya watoto chini ya miaka 5. Kanuni hiyo niliipenda niliposikia, kwa sababu mtoto aliyekufa kijijini kwetu alikuwa ameingia kwenye hesabu ya mtu fulani.

Hata hivyo fedha ziliishia halmashauri. Sisi tuliandika mahitaji, tukapeleka, tukasubiri. Wakati mwingine kililetwa kitu, wakati mwingine kililetwa kitu ambacho hatukuomba. Mabadiliko yalikuja mwaka wa fedha 2017/18, vituo vya kutolea huduma vilipofunguliwa akaunti na fedha za Mfuko wa Pamoja zikaanza kutumwa huko moja kwa moja. Nakumbuka mzee mmoja kwenye mkutano wa kijiji aliuliza mara mbili kama ni kweli zahanati yetu, hii hii yenye ufa ukutani, ina akaunti benki.

Kiasi cha ruzuku hii si kikubwa. Kwa robo moja hakitoshi kununua pikipiki mpya. Kinaingizwa kwenye mfumo wa uhasibu wa vituo, FFARS, na kila matumizi lazima yawe yameandikwa kwenye mpango wa mwaka wa kituo ambao kamati imeujadili. Mhasibu hatuna. Mhasibu msaidizi wa kituo cha afya cha kata hupita kutusaidia kufunga vitabu, siku nyingine zote Daktari anaingiza hesabu mwenyewe, usiku, baada ya wagonjwa. Hilo naliona ni uonevu kwa watumishi. Mtu aliyekesha anazalisha hapaswi kulala saa nane usiku akitafuta risiti ya mtungi wa gesi. Lakini ukiniuliza kama nataka turudi kule kwa kuandika mahitaji na kusubiri, nakujibu hapana, hata mara moja.

Sasa mkoba.

Kijiji chetu kina kitongoji kimoja kilichoko ng'ambo ya korongo. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu, mama anavuka na mtoto mgongoni bila kulowa. Masika ni jambo jingine. Linaweza kujaa wakati kwetu hakujanyesha hata tone, kwa sababu maji yanashuka kutoka vilima vya Kondoa, na likijaa limejaa, hakuna daraja. Kule wanaishi wakulima wa mtama na uwele, na zaidi ya hapo, kuelekea malishoni, kuna familia za Wabarbaig wanaohama na ng'ombe wao. Mtoto wa huko akizaliwa Desemba, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo ni wiki za chanjo ya pentavalenti (ile inayokinga magonjwa matano), nimonia na polio, zote zinaangukia kwenye maji.

Chanjo zenyewe zahanati hainunui. Zinaletwa na serikali, pamoja na mchango wa Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo. Lakini chanjo iliyoko kwenye jokofu letu na mtoto aliyeko ng'ambo havikutani vyenyewe. Jokofu linatakiwa libaki kati ya nyuzi 2 na 8, na letu linatumia gesi, kwa hiyo mtungi ukiisha lazima mwingine uwepo siku hiyohiyo. Pikipiki inataka petroli, na tairi la nyuma likiisha kwenye mchanga linaisha kweli. Sista, muuguzi wetu, akienda mkoba anakwenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na wanashinda huko kutwa, lazima wale. Hivi vyote ni vitu vidogo. Hakuna mfadhili anayekuja kuzindua mtungi wa gesi. Ni ruzuku hii tu inayovilipia.

Kwenye kikao haikuwa rahisi. Mjumbe mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alikuja na hoja ya mabenchi. Alisema, "Mwalimu, mama amejifungua juzi, anakuja kliniki anakaa chini kwenye saruji ya baridi. Mkwe wangu amekaa hapo. Sisi tuna hela benki." Mwingine akataka tupake rangi na kuziba ule ufa, maana zahanati ikionekana chakavu watu wanaikimbilia hospitali ya wilaya. Sikuona ubaya kwenye hoja yoyote kati ya hizo. Wanaosema kamati za vijiji hazijui kupanga hawajawahi kukaa humo na kusikiliza watu wakigombania nani asaidiwe kwanza.

Nikamjibu mzee: "Baba, anayekaa kwenye saruji amekwishafika. Huyu wa ng'ambo hata saruji yetu hajaiona." Nikamwomba Sista asome rejesta ya chanjo. Akasoma majina ya watoto wa ng'ambo waliopata dozi ya kwanza, kisha ya watoto haohao waliopata ya pili. Orodha ya pili ilikuwa fupi sana. Sikuhitaji kuongeza neno. Mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza mabenchi yalipiwe na makusanyo yetu ya papo kwa papo, kidogokidogo, na fundi seremala wa kijiji akaahidi kutodai ufundi, tumletee mbao tu.

Kisha Sista akatoa wazo ambalo naona ndilo lililokuwa kiini cha siku ile. Siku zote mkoba umekuwa Jumanne, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa zamani, hakuna aliyekumbuka kwa nini. Mnada wa ng'ambo uko siku nyingine. Siku ya mnada kina mama wa Kibarbaig wanatoka malishoni na maziwa, watoto wako nao, wote mahali pamoja. "Tukiwafuata Jumanne tunawakuta wachache, wengine wako kisimani, wengine wamehama boma," alisema. "Tuhamie siku ya mnada." Kikao kikakubali hapohapo. Zamani kubadili siku ya mkoba kungehitaji barua, usafiri upangwe upya wilayani, na jibu lisilojulikana litakuja lini. Safari hii tulihitaji kalamu.

Nilikwenda nao wiki iliyofuata. Walimu wa shule shikizi ya ng'ambo walituachia darasa moja. Mizani ikaning'inizwa kwenye boriti, suruali ya kupimia ikapita kutoka mtoto hadi mtoto, na kila aliyeingizwa alilia mpaka mwenzake wa nje naye akaanza. Mhudumu wa afya alizungusha ule utepe wa kupima mzunguko wa mkono. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na mtoto huyo harudi nyumbani na ushauri mtupu, anaandikiwa rufaa. Kwetu miezi ya Februari na Machi ghala huwa tupu na mtama bado uko shambani, kwa hiyo nyekundu hazikosekani. Nchi nzima, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, na mimi niliyefundisha darasa la kwanza najua sura ya hiyo namba. Ni yule mtoto wa miaka 8 anayefikiriwa ana 6, anayechoka kabla ya saa nne asubuhi.

Palikuwa na mtoto wa kiume, mdogo, ambaye mama yake alikuja kuuza maziwa tu. Hakujua kama tupo. Alipita dirishani kuchungulia, na Sista akamwona mtoto mgongoni, mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi. Akamwambia, "Mama, hebu mshushe." Akamfunua kifua, akatazama saa dakika nzima, midomo yake ikihesabu bila sauti. Alimpa dozi ya kwanza ya amoksilini kwenye kijiko palepale, akamwandikia rufaa, na pikipiki yetu ikawabeba mama na mtoto hadi kituo cha afya cha kata wakati sisi tukiendelea kuchanja. Petroli ile ilitoka kwenye fungu la mkoba. Mtoto alilazwa, akapona, na alipoletwa tena alianzishiwa chanjo ambazo hakuwahi kupata hata moja.

Kuna umri mmoja ambao naomba wazazi wanaosoma hapa wautazame, nao ni miezi 18. Mama zetu wanajitahidi sana mpaka miezi 9, mtoto anapopata dozi ya kwanza ya surua na rubela. Baada ya hapo kadi inawekwa sandukuni. Mtoto anatembea, ni mzito kubeba, mama pengine ana mimba nyingine, na mtoto hana ugonjwa wa kumfanya mama atembee saa mbili juani. Dozi ya pili ya miezi 18 ndiyo inayopotea hapo. Juni na Desemba, kwenye matone ya vitamini A na dawa za minyoo, tunawakamata baadhi yao. Waliobaki ni mpaka wafuatwe.

Nazijua hoja za wanaosema vijihela hivi havibadilishi chochote. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa 2015-16 ulikuta 67. Ule wa 2022 ulikuta 43. Sidai kwamba ni kazi ya ruzuku ya zahanati peke yake. Kuna vyandarua, kuna chanjo ya nimonia na ya rota, ile ya kuhara, zilizoingia 2013, kuna maji, kuna mama waliosoma. Ninachosema ni kwamba karibu kila kimoja kati ya hivyo humfikia mtoto kupitia mlango wa jengo kama letu, na mlango huo lazima uwe na mtu, gesi na petroli nyuma yake.

Dawa nazo zina habari yake. Bohari ikikosa kitu tulichoagiza, inatupa taarifa ya maandishi, na kwa taarifa hiyo tunaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeshindanishwa na mkoa kwa bei zinazojulikana. Mpango huu ulianzia Dodoma kwetu mwaka 2014 kabla haujaenea nchi nzima, na najivunia hilo. Bila hela kwenye akaunti yetu wenyewe, mshitiri asingekuwa na faida kwetu, tungebaki na karatasi ya kusema zinki hakuna. Siku hizi zinki ikikosekana huku, inatafutwa kule.

Kinachoniuma ni kuchelewa. Kuna robo ambazo hela imeingia robo yenyewe ikielekea kwisha, na kuhara kwa watoto hakufuati kalenda ya fedha. Mwaka mmoja masika ilianza akaunti ikiwa tupu, wajumbe tukachanga petroli mifukoni. Tulifanya kwa moyo, na tutafanya tena ikibidi, lakini mstaafu na mkulima wa alizeti hawawezi kuwa ndio nguzo ya chanjo za kitongoji kizima. Ningekuwa na nafasi ya kumwambia mtu wa Hazina jambo moja, ningemwomba fungu la Desemba litoke Novemba.

Halafu kuna bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na ninaitakia mema. Naijua faida ya bima, kadi ya Toto Afya ya shilingi 50,400 kwa mwaka iliwasaidia wajukuu zangu wanaoishi mjini. Lakini nimeanza kusikia watu wakisema kwamba bima ikishaenea, ruzuku za vituo hazitakuwa na kazi. Hapo nasema wazi kwamba hawajakaa kwenye zahanati. Bima hulipa pale mgonjwa anapofika dirishani na kadi yake. Haimlipii Sista kukaa kutwa kwenye shule shikizi akipima watoto ambao hawajaugua. Haiweki gesi kwenye jokofu mwezi ambao hakuna aliyekuja. Yule mama wa maziwa asingekuwa kwenye dai lolote, kwa sababu hakuwa anatafuta matibabu. Bima ije, na ruzuku ibaki, hasa kwa zahanati ambazo wagonjwa wake wengi ni watoto.

Mpango wa mwaka ujao wa fedha tunauandaa sasa. Nimeomba mkoba wa ng'ambo uwe mara mbili kwa mwezi kuanzia Oktoba, kabla korongo halijaanza kujaa, na mtungi wa akiba wa gesi uwekwe kama kifungu chake chenyewe usichanganywe na usafi. Mjumbe wa kitongoji cha ng'ambo ameanza kupita boma kwa boma na daftari, anaandika kila mtoto na mwezi aliozaliwa, ili rejesta ya Sista ilinganishwe nayo tutakapokutana. Taarifa ya mapato na matumizi ya robo hii imebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya zahanati na nyingine ofisi ya mtendaji. Aliye kijijini apite aisome, na kama kuna tarakimu haielewi aniulize mimi, nyumbani niko kila siku baada ya saa tisa.